Okidi Inapooza Chunguni: Kukagua, Kukata na Kuotesha Mizizi Upya

Okidi nyingi zinazopamba sebule na ofisi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ni za jenasi ya Phalaenopsis, ile yenye majani mapana yaliyolala kama ulimi na maua yanayofanana na vipepeo kwenye kikonyo kirefu. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako haioti ardhini bali hujishikiza kwenye magome ya miti, mizizi ikiwa wazi. Mvua huilowesha, upepo huikausha baada ya saa chache, kisha mvua nyingine huja. Ndani ya chungu mizizi hiyohiyo hufungiwa, na chungu kisipopitisha hewa mizizi huanza kufa kwa kukosa pumzi hata kabla ya kimelea chochote kuingia. Kuvu na bakteria mara nyingi huja baadaye kula kilichokwisha kufa, kisha huendelea hadi kwenye kilicho hai. Ndiyo maana katika mwongozo huu kisu na hewa vinatangulia, na dawa inafuata nyuma.

Okidi yangu ya kwanza niliinunua ikiwa ndani ya chungu cha kauri kisicho na tundu, nikawa naimwagilia kila Jumatano na Jumapili kwa uaminifu mkubwa. Majani yalipoanza kulegea nilidhani ina kiu, nikaongeza maji. Siku nilipoinua kile chungu cha plastiki kilichokuwa ndani ya kauri nilikuta maji ya kina cha vidole viwili yametuama chini, yananuka kama mfereji, na mizizi yote imegeuka rojo. Kosa hilo ni la kawaida mno kwa sababu dalili ya okidi iliyonyimwa maji na ile ya okidi iliyooza mizizi ni moja: majani hulegea, hukunjamana na kupoteza mng'ao, maana mmea usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukiwa umesimama ndani ya maji.

Kutambua ugonjwa kabla ya kushika dawa

Utenge kwanza mmea unaoushuku, uuweke mbali na okidi nyingine, kisha uukague mchana penye mwanga wa kutosha. Anza na mizizi. Mzizi wa okidi umevikwa ganda nene linalofyonza maji kama sponji. Likiwa kavu huonekana jeupe la kifedha, na likilowa hugeuka kijani. Chungu cha plastiki kinachopenyesha mwanga kinakuwezesha kuona mabadiliko hayo bila kung'oa chochote, na binafsi sioni sababu ya kupanda Phalaenopsis katika chungu kingine. Rangi pekee, hata hivyo, hudanganya: mizizi iliyokaa muda mrefu gizani katikati ya chungu huwa ya manjano au ya kikahawia hafifu huku ikiwa hai kabisa. Hukumu ya mwisho hutolewa na vidole. Mzizi ulio hai ni mgumu ukiubonyeza. Uliokufa huwa laini, hutoa maji, au huwa mtupu na bapa kama mrija wa karatasi.

Upande wa majani, doa la bakteria huonekana kama sehemu iliyolowa maji, yenye rangi ya asali au kahawia, na ukiibonyeza inabonyea. Aina inayooza haraka hunuka vibaya, na katika joto la Dar es Salaam inaweza kumaliza jani zima ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo usisubiri mwisho wa wiki. Uozo mweusi, unaosababishwa na vimelea vya Phytophthora na Pythium, huanzia mara nyingi kwenye mizizi au kwenye shina na kupanda juu, ukiacha rangi nyeusi au ya zambarau iliyokolea ambayo ukingo wake unaweza kuwa wa manjano. Utando mweupe kwenye tako la mmea, wenye punje ndogo za kahawia zinazofanana na mbegu za haradali, ni dalili ya kuvu aina ya Sclerotium, ambayo hupenda joto na unyevu na huangusha majani yote kwa mkupuo.

Yapo pia mambo yanayofanana na ugonjwa lakini si ugonjwa. Jani la chini kabisa linalogeuka manjano lote kwa pamoja, polepole, huku mengine yakiwa imara, limezeeka tu na litadondoka lenyewe. Jani lililobabuka kwa jua huwa na baka jeupe au la rangi ya nyasi kavu, upande ule unaotazama dirisha, na baka hilo halikui baada ya mmea kusogezwa kivulini. Chukua kalamu ya wino usiofutika na uchore mstari kwenye ukingo wa doa: likiuvuka mstari kesho, una ugonjwa mkononi, likibaki pale kwa wiki nzima, liache. Vidoa vidogo vya kahawia kwenye petali, ambavyo Nairobi huonekana zaidi katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, ni kazi ya kuvu ya Botrytis. Kata maua yaliyoathirika, ongeza mzunguko wa hewa, na hakuna haja ya kuhangaika zaidi ya hapo.

Vifaa

Unahitaji mkasi mkali au nyembe mpya, spiriti ya asilimia 70, kiberiti cha gesi au mshumaa, karatasi laini za kufutia, glavu, gazeti la kufanyia kazi juu yake, na unga wa mdalasini kutoka jikoni. Mimi hupendelea nyembe, kwa kuwa ni bei rahisi kiasi cha kutumia moja kwa kila mmea na kuitupa. Anayetumia mkasi aupitishe kwenye moto hadi makali yawe ya moto sana, auache upoe, na arudie hivyo kila anapohama kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Kufuta kwa spiriti huua bakteria na kuvu nyingi, lakini virusi vya okidi ni vigumu kuondolewa kwa njia hiyo. Chungu cha zamani kisuguliwe kwa sabuni, kisha kiloweshwe kwa nusu saa ndani ya maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, na kisuuzwe vizuri.

Kuitoa chunguni na kukata mizizi iliyooza

Loweka chungu chote kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi hadi kumi na tano ili mizizi iliyoshikamana na plastiki ilainike, maana mzizi mkavu huvunjika kama kijiti. Binya chungu pande zote, kigeuze, na uutoe mmea huku umeushika kwenye tako la majani. Ondoa udongo wake wote. Ninasema udongo kwa mazoea, ingawa utakachokuta ni vipande vya magome, makumbi au sfagnamu, ule mmea mdogo laini unaofyonza maji kama sponji. Usiishie kwenye kinachodondoka chenyewe. Katikati kabisa ya mizizi, chini ya shina, mimea mingi ya dukani ina kitonge kidogo cha sfagnamu au sponji kilichowekwa tangu ikiwa miche kwenye kitalu, na kitonge hicho hubaki kimelowa siku nyingi baada ya sehemu nyingine ya chungu kukauka. Nimeshatoa okidi ambazo mizizi ya nje ilikuwa mizuri, lakini ile iliyokizunguka kitonge ilikuwa imeoza yote, na uozo umeshafika kwenye shina. Kichokonoe kwa kijiti cha mishikaki, nyuzi kwa nyuzi, hadi kiishe.

Suuza mizizi kwa maji yanayotiririka, kisha uipitie mmoja mmoja. Shika mzizi kati ya kidole gumba na cha shahada, ubonyeze kuanzia kwenye shina kuelekea nchani. Palipokufa, ganda huteleza na kuvuka kama soksi, likiacha uzi mwembamba mgumu wa katikati. Uzi huo hauko hai, wala hautarudisha ganda. Kata hapo palipo laini na uendelee kurudi nyuma kidogo kidogo hadi uone ndani pakiwa peupe au pa kijani kibichi, bila doa la kahawia katikati. Mzizi uliooza nchani tu huku nusu yake ya juu ikiwa ngumu ubakizwe hiyo nusu. Watu wengi hukata kwa huruma, wakiacha sentimita moja ya uozo kwa kuogopa kuumaliza mmea, na baada ya wiki mbili hulazimika kurudia kazi ileile wakiwa na mizizi michache zaidi. Okidi yenye mizizi mitatu au minne migumu, yenye urefu wa kidole, ina nafasi nzuri ya kupona.

Angalia pia shina lenyewe. Likiwa na sehemu nyeusi chini, likate kipande kwa kipande kutoka chini hadi ufikie nyama safi. Kwa okidi zinazotambaa na kuwa na mashina manene yaliyosimama yanayohifadhi maji, kama Cattleya na Dendrobium, kata shina lile linalolala juu ya chungu na utazame jeraha: mviringo wa zambarau au waridi ndani yake unaashiria kuvu ya Fusarium, ambayo huziba mishipa ya maji. Endelea kukata hadi mviringo huo upotee, na ubakize angalau mashina manene matatu yenye afya kwenye kila kipande. Ukifika mwisho wa mmea na zambarau bado ipo, utupe.

Baada ya kukata, kikonyo cha maua nacho kiondolewe hata kama bado kina maua mazuri. Najua ni uamuzi mchungu kwa aliyenunua mmea kwa ajili ya maua hayo, lakini mmea wenye mizizi mitatu ukiachwa ulishe maua kumi utaishia kunyonya maji ya majani yake wenyewe. Maua yaliyokatwa yatakaa siku kadhaa kwenye chupa yenye maji mezani.

Kisha laza mmea kwenye gazeti, kivulini, penye upepo mwepesi wa feni, na uuache ukauke usiku mzima. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ina manufaa kuliko dawa yoyote, kwa kuwa jeraha lililokauka na kuziba ni gumu kwa kimelea kupenya. Okidi haitakufa kwa kukaa siku moja bila chungu.

Mdalasini unahitaji neno la tahadhari. Unga huo hukausha jeraha na kuzuia kuvu, kwa hiyo unafaa sana kwenye mkato wa jani au wa shina. Kwenye mizizi iliyo hai haufai, maana hukausha pia lile ganda la kufyonzea maji. Uupake jeraha tu kwa ncha ya kidole, usiunyunyize mmea mzima. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, nayo husifiwa sana kwa sababu hutoa povu linaloonekana kama kazi inafanyika. Povu hilo hutokea hata kwenye seli zilizo hai, na mizizi michanga huungua nayo. Mimi niliacha kuitumia.

Jani na moyo wa mmea

Jani lenye doa la bakteria likatwe sentimita mbili hivi ndani ya sehemu yenye afya, kwa wembe safi, na mabaki yafungwe na kutupwa siku hiyohiyo. Ikiwa doa limekaribia tako la jani, toa jani zima: lipasue kwa urefu kuanzia nchani, ukifuata mstari wa katikati hadi kwenye shina, kisha vuta kila nusu kuelekea upande wake. Litachomoka bila kuacha kisiki cha kuoza na bila kuchubua shina. Paka mdalasini.

Uozo wa moyo, pale majani mapya yanapochipuka, ni hatari zaidi kwa Phalaenopsis kwa sababu mmea huu una sehemu moja tu ya kukulia. Chanzo chake mara nyingi ni maji yaliyotuama katikati ya majani usiku kucha. Jaribu kuvuta kwa upole jani changa kabisa: likitoka mkononi huku tako lake ni la kahawia na limelowa, uozo umeshaingia. Geuza mmea kichwa chini ili maji yatoke, ondoa majani yote yaliyolegea, nyonya unyevu kwa karatasi laini iliyosokotwa iwe kama utambi, tia mdalasini au dawa ya kuvu, na usiloweshe sehemu hiyo tena. Moyo ukiwa umekufa lakini majani ya chini na mizizi viko imara, usiharakishe kuutupa mmea. Baadhi hutoa mtoto pembeni ya shina baada ya miezi kadhaa, na mtoto huyo hukua kuwa mmea kamili. Porini Phalaenopsis huning'inia kiubavu, maji yakimwagika yenyewe, na ni sisi tulioamua usimame wima ili upendeze mezani. Unapoupanda upya, uinamishe kidogo upande mmoja.

Dawa

Kwenye duka la pembejeo, au agroveti kwa wasomaji wa Kenya, utaonyeshwa dawa nyingi, na muuzaji asiye na uzoefu wa okidi anaweza kukupa yoyote ya ukungu wa nyanya. Soma kiambato kilichoandikwa kwenye lebo. Mankozebu huweka kinga juu ya jani na mzizi, lakini haiponyi kilichokwisha kuingia ndani. Kwa uozo mweusi inahitajika dawa yenye metalaksili au fosetili-aluminiamu, kwa kuwa Phytophthora na Pythium si kuvu halisi na dawa kadhaa za kuvu haziwadhuru kabisa. Dawa za shaba, jamaa wa mrututu ambao wazee walizoea, husaidia dhidi ya bakteria na kuvu pia, isipokuwa zinaweza kuunguza maua na machipukizi, na Dendrobium haizivumilii. Fuata kipimo cha lebo bila kukizidisha, vaa glavu na barakoa, pulizia nje ya nyumba asubuhi, na urudishe mmea ndani ukishakauka. Usipulizie dawa juu ya uozo ambao hujaukata.

Kupanda upya

Chagua chungu kwa kutazama mizizi iliyobaki, wala si ukubwa wa majani; chungu kikubwa hubeba maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Kiwe na matundu mengi chini na ubavuni, na kama hakina, yatoboe kwa msumari uliopashwa moto. Magome ya paina yaliyokatwa kwa ukubwa wa karanga hadi ncha ya kidole gumba ndiyo bora, yakichanganywa na mkaa wa kawaida uliovunjwa na kuoshwa vumbi. Asiyepata magome atumie makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande, au mawe mepesi ya volkano yanayopatikana upande wa Naivasha. Makumbi ya pwani hubeba chumvi, hivyo yalowekwe siku mbili au tatu na maji yabadilishwe kila siku. Vumbi na chenga vitupwe, maana ndivyo vinavyoziba njia za hewa.

Simamisha mmea katikati, tako la majani likiwa usawa wa mdomo wa chungu, mimina vipande huku ukigonga ubavu ili viingie kati ya mizizi, na ufunge shina kwenye kijiti ikiwa linayumba, kwa sababu mmea unaotikisika huchubua ncha za mizizi mipya. Usimwagilie kwa siku tatu hadi tano. Baadaye mwagilia asubuhi tu, maji yapite chunguni yote yatoke, na usirudie hadi mizizi iwe imerudi kuwa ya kifedha. Katika chumba chenye kiyoyozi au mwezi wa Januari hilo huweza kuchukua siku tatu, na wakati wa masika siku kumi. Maji ya mvua ni mazuri kuliko ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za Dar es Salaam yana chumvi inayoacha utando mweupe juu ya magome na kubabua ncha za mizizi. Mbolea isubiri hadi mizizi mipya ionekane na kurefuka.

Mmea uliobaki bila mzizi hata mmoja

Tako likiwa gumu na majani mawili yakiwa hai, bado inafaa kujaribu. Kata chupa kubwa ya maji ya plastiki katikati, weka chini tabaka la sfagnamu iliyolowekwa na kukamuliwa hadi isitoe tone, laza mmea juu yake bila kuuzika, kisha rudisha nusu ya juu ya chupa iwe kifuniko bila kizibo chake. Hewa ndani itabaki na unyevu, majani hayatapoteza maji haraka, na tako halitalowa. Weka penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Mizizi ya kwanza inaweza kuchukua miezi miwili au zaidi. Fungua kila siku mbili, utazame kama kuna ukungu, na ufute matone yaliyojikusanya kwenye moyo.

Kisichotibika

Mistari au viraka vya manjano na kijani vinavyojirudia kwenye kila jani jipya, miviringo iliyodidimia, au maua yenye rangi iliyokatikakatika, hutia shaka ya virusi. Vinavyoenea zaidi duniani ni virusi vya mozaiki vya Cymbidium na vya mabaka duara vya Odontoglossum, na hakuna dawa ya nyumbani wala ya dukani inayoviondoa. Huhama kwa utomvu ulioshika kwenye mkasi. Mwenye mmea mmoja dirishani anaweza kuendelea nao, ila asigawe vipande vyake. Mwenye mkusanyiko auchome. Kabla ya kufikia uamuzi huo, geuza majani utazame chini yake, kwa kuwa utitiri, vidugamba na vidung'ata huacha madoa ya manjano yanayoweza kufananishwa na virusi, na hao huondoka kwa kupanguswa kwa pamba yenye spiriti mara moja kwa wiki, kwa wiki tatu au nne.

Majani yaliyokunjamana hayatanyooka tena kikamilifu, kwa hiyo usiyatumie kupima maendeleo. Tazama tako la mmea na ubavu wa chungu: ncha ya mzizi yenye rangi ya kijani au wekundu wa kahawia, inayong'aa kana kwamba imepakwa mafuta, inamaanisha kazi imeshika. Ikifikia urefu wa sentimita tano, anza mbolea kwa robo ya kipimo cha lebo, kila baada ya wiki mbili.